Evod na Muhuri wa Kwaya

Teremkeni, enyi waendesha baiskeli wa Ifakara, mkae kimya, msikie jambo kuu. Sheria mnaijua: aletaye habari ya serikali kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa ya Mama Yosefina, naye asiithibitishe, hupepeta gunia zima la mchele wa wenzake, mchana kweupe, hata kama wakwe zake wapo wanatazama.

Basi mwaka wa tisini na tisa, Evod mwana wa Fulgensi, mshinda matope ya Kivukoni, mbeba magunia mawili kwa baiskeli isiyo na breki, alisimama uwanjani hapo akanena: "Kodi ya baiskeli imefutwa. Imeandikwa kwenye intaneti."

"Intaneti ndiyo nani?" akauliza Mama Yosefina. "Anakaa mtaa gani?"

"Shikamoo kwanza, Mama. Ni ile kompyuta ya Wendelin mpiga chapa. Inaongea na dunia kwa waya wa simu."

"Marahaba. Hata Wendelin huongea na dunia akishakunywa. Lete karatasi yenye muhuri kabla ya kengele ya saa sita. Mkweo Tekla yuko hapa, na ungo uko tayari."

Evod akaruka juu ya farasi wake wa chuma, kuku wakatawanyika kama jeshi lililovunjika, hata akaifikia ofisi ya Wendelin. Mashine ikapiga kelele za kutisha. Mara tatu simu ikakatika, mara tatu wakarudi vitani. Hatimaye ukurasa ukashuka mstari kwa mstari, kwa madaha ya bibi harusi, na kichwa cha habari kikang'aa: Kodi ya Baiskeli Yafutwa.

"Chapa," akaamuru Evod.

"Soma hadi chini, ndugu yangu."

"Nimeshaona ninachokitaka. Piga muhuri."

"Ninao wa kwaya tu."

"Ni wa mviringo?"

"Wa mviringo."

"Piga hapo chini penye nafasi."

Aliporudi, umati ulipouona ule wino wa zambarau ulivua kofia, na wawili wakaanza kupiga vigelegele. Mama Yosefina peke yake alivaa miwani, akaiinua karatasi kuelekea jua, akasoma polepole mpaka chini ya muhuri.

"Evod mwanangu, kwaya imeketi juu ya jina la nchi. Habari hii ni ya kweli kabisa, ila ni ya Kenya."

"Lakini ni kweli, Mama."

"Kweli yao. Kapandie baiskeli huko."

Ndipo shujaa akaushika ungo mbele ya mkwewe, akapepeta tangu kengele ya saa sita hata alasiri, pumba zikimfunika nyusi kama mvi za vita, wala hakumwaga punje hata moja. Tendo ambalo bonde lote la Kilombero, toka Mngeta hadi mtoni, halijapata kuona kwa mwanamume.

Mama Yosefina akalishona gunia kwa kamba ya katani. "Umemaliza," akasema. "Kanawe uso."