Doa la Pikapu Mbele ya Nyumba Yetu

Jumanne, 3 Desemba 1996

Shule imefungwa, na Baba amenunua pikapu! Mtumba kutoka Japani. Imelala mbele ya nyumba usiku mmoja tu, asubuhi tumekuta doa jeusi la oili kwenye sementi, ukubwa wa mfuniko wa sufuria. Ukiinama jua likiwa pembeni, unaona rangi za upinde wa mvua ndani yake. Nimeinama sana.

Mama hakuinama. Amesema Jumamosi jumuiya inasali kwetu, na watu watakaa hapohapo kwenye mikeka na vitenge vyao vya kanisani. Pikapu imehamishiwa barabarani. Doa nimeachiwa mimi, msoma kemia. Nikishindwa kulitoa, Mama anaweka vifaranga wa kisasa kwenye stoo.

Stoo ni maabara yangu! Chupa zangu, mshumaa wangu, kitabu changu kisicho na jalada. Lazima nishinde.

Jumatano, 4 Desemba

Mafuta huyeyuka katika mafuta. Imeandikwa. Basi nimemwaga mafuta ya taa, nikasugua kwa brashi ya viatu. Doa limeyeyuka kweli. Kisha likatembea. Sasa lina ukubwa wa ungo.

Venant, kijana wa jirani, alikaa juu ya ukuta akila embe na kutazama. Huniita Profesa. Leo ameniuliza kama ninalitoa au ninalilisha. Akasema kila mtu anajua dawa ni sabuni ya unga na maji ya moto. Nilitafuta jibu la kumkata maini hadi chakula kikaiva. Nikalipata: eti kujua anajua, lakini anajua ni kwa nini? Alikuwa ameshaenda kwao.

Sabuni ya unga siwezi kuitumia tena. Hata kama ni kweli.

Alhamisi, 5 Desemba

Uvumbuzi! Asubuhi Mama alimwaga mafuta ya kupikia mezani, akayanyunyizia unga wa muhogo, ukayanywa yote. Kwa nini? Na oili je, utainywa? Nimechota bakuli moja la unga kwenye debe na kuutandaza juu ya doa. Baada ya muda ukaanza kuwa kijivu kwa chini. Oili inapanda! Inapanda yenyewe! Nimetazama hadi shingo ikauma.

Mama naye ameanika unga upande wa pili wa sementi. Nimeacha nafasi katikati. Mtu yeyote ataona tofauti.

Jioni. Mtu yeyote haoni tofauti. Nilikuwa stoo nachora mchoro, wingu likatokea ziwani ghafla. Mama Venant hawezi kuona kitu cha jirani kinalowa. Alikuja mbio na beseni, akazoa wa Mama na wangu, akamimina wote kwenye debe letu jikoni. Nilipofika nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, akasema bila yeye leo tungelala na uji wa mvua. Nilifungua mdomo kueleza. Ikatoka asante.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemwambia Mama nina neno kuhusu unga. Amesema unga upo tele, nikachote maji. Nikasema basi kuhusu doa. Amesema ameliona, limepauka, hongera mwanangu. Amenisifu! Sikutaka kuharibu.

Tena oili kidogo ndani ya debe zima la unga itapotea. Au haitapotea? Swali zuri. Kesho tutajua.

Jumamosi, 7 Desemba

Tumejua.

Ugali ulikuwa unang'aa. Haukushika mwiko hata kidogo (jambo la kuchunguza). Mzee Rwehumbiza, mwenyekiti wa jumuiya, alifinya tonge, akalinusa, akalirudisha taratibu. Akamuuliza Mama kwa upole kama siku hizi gari linalala jikoni. Baba alinusa lake kwa muda mrefu zaidi, akatangaza kwamba hii si ya injini, hii ni oili ya gia boksi, kumbe ndiko kunakovuja! Akawaacha wageni, akaenda kuingia chini ya pikapu na suruali yake ya Jumapili. Waliobaki walikula sato mtupu.

Mama Venant alianza kulia, akidhani beseni lake lilikuwa chafu. Ikabidi niseme. Nilieleza mbele ya jumuiya nzima, kwa sauti ya chura. Venant alicheka hadi akatolewa nje.

Debe zima limemwagwa shimoni. Vifaranga wanakuja Jumatatu.

Wageni walipoondoka nilifunua mkeka. Doa limepauka sana! Hakuna aliyetaka kuona.

Jumatatu, 16 Desemba

Vifaranga wametimiza wiki moja stoo. Chupa zangu ziko chini ya kitanda. Nililia kidogo, na leo ndipo nimeenda kuiaga stoo. Harufu ikanichoma pua. Kali. Naijua. Amonia! Amonia ni besi, na besi hugeuza mafuta kuwa sabuni! Inatengenezwa humo humo stoo, bure, kila siku!

Nimemwomba Mama kazi ya kuwafagilia vifaranga iwe yangu. Amenikumbatia, kisha nimemsikia ukutani akimwambia Mama Venant kwamba mtoto amebadilika.

Nimeshajaza ndoo ya kwanza, kinyesi na pumba. Kesho Mama akienda sokoni naitandaza juu ya doa ikauke. Ikikauka inafanana kabisa na kimea cha togwa ambacho Mama huanika hapohapo. Lakini nani atachanganya?