Uzi wa Sufu na Tairi Mbili Zisizoelewana

Jumatatu, 3 Machi

Pikapu imekamilika! Springi ndefu zimeingia. Imeinuka mpaka mke wangu anapandia stuli. Tairi mpya ni kubwa, zina meno ya kutafuna mawe. Nimeizunguka mara kumi na mbili nikijifanya natafuta kitu kilichoanguka.

Kasoro ni moja tu. Ukiachia usukani, inakwenda kushoto. Leo nusura iingie kunyolewa kwa kinyozi.

Ni lazima inyooke kabla ya Jumamosi. Mke wangu ni muuguzi wa zahanati, na kanipigania kazi kwa mdomo wake mwenyewe: kupeleka dawa na chanjo kwenye kituo cha mlimani, huko ambako magari ya kawaida yanaishia njiani. Mganga mkuu atakuja Jumamosi asubuhi kuikagua pikapu, kisha apande nayo mlima. Akiridhika, nina kazi. Tangu kiwanda cha mbao kifungwe ni miezi minane sijapata sababu ya kuoga mapema.

Mke wangu kasema niipeleke kwa kaka yake ikapigwe alaimenti. Shemeji ana gereji na mashine ya kupanga tairi, yenye skrini na taa. Nimemwambia nitalifikiria.

Nimelifikiria. Siendi.

Jumanne, 4 Machi

Sababu zangu ziwe kwenye maandishi. Nilipokwenda kwa Shemeji kuulizia springi, aliniuliza mbele ya wateja wake kama nataka gari au ngazi. Walicheka mpaka mmoja akaweka chai chini. Mtu wa namna hiyo simpelekei tairi zangu.

Halafu mashine yenyewe inafanya nini? Inapima. Hata mimi nina futi ya kupimia. Nimemtazama mzee mmoja kwenye simu akifanya alaimenti uani kwake kwa dakika tisa, tena amevaa kandambili. Unachora mstari wa chaki katikati ya kila tairi ya mbele. Unapima kutoka mstari hadi mstari, kwanza kwa mbele, kisha kwa nyuma. Vipimo vikikaribiana, tairi zinatazama njia. Vikipishana sana, kila moja inatazama kwao. Unavuta na uzi ubavuni mwa gari ili uone upande upi umepotoka. Basi!

Uzi sikuwa nao. Nimeupata kwenye kikapu cha mama mkwe, anayeishi nasi. Mwekundu, mrefu, mzuri. Nimevuta, ukaja. Nimevuta tena, ukazidi kuja. Mkarimu sana ule uzi.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Kwanza, uzi ulikuwa ni mkono wa sweta. Mama mkwe alikuwa anamfumia mjukuu, alikuwa amebakiza kola tu. Hakunigombeza. Alikaa barazani, akashika mkono uliobaki, akaniuliza kwa upole kama na huo nitauhitaji. Bora angenipiga.

Pili, sufu inavutika. Asubuhi nilipata tairi ya kushoto imepotoka kwa upana wa kidole. Saa nne, vidole viwili. Saa sita haikuwa imepotoka kabisa. Nikachukua wastani.

Tatu, nimeingia uvunguni. Kuna chuma kirefu kinachounganisha tairi mbili za mbele, mafundi wanakiita tairodi. Unalegeza nati, unakizungusha, tairi zinageuka. Ila ukilala chali kichwa kikielekea mbele ya gari, kulia kwako si kulia tena. Nimezungusha mizunguko saba kwa moyo mmoja. Nilipotoka, tairi zilikuwa zimepanuka kama miguu ya bata.

Nimeendesha mpaka dukani na kurudi. Zililia njia nzima. Watu walitoka nje kuangalia nani anaumizwa. Mke wangu kasema kaka yake bado yupo gereji. Nimemwambia kazi nzuri haitaki pupa.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nimezungusha kinyume, mizunguko saba, kisha mmoja na robo kwa makadirio ya jicho. Nimepita barabara kuu nimeachia usukani, ikaenda mbele kama imetumwa. Kweli, usukani umelala upande na honi inatazama mlango. Lakini ukiinamisha kichwa unazoea.

Nimepita mbele ya gereji ya Shemeji mara tatu, polepole. Mara ya tatu alinipungia mkono. Nikajifanya simwoni. Nimemwahidi mke wangu kwamba kesho nitampeleka kazini ili wenzake waione.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulitoka saa moja na nusu. Alivaa sare nyeupe, aliyoipiga pasi mara mbili. Kwenye mteremko wa kuelekea zahanati nilihisi usukani umekuwa mwepesi, kama nimeshika sahani. Tairi ya kulia ikataka kwenda kulia. Ya kushoto ikashika njia yake. Nilikanyaga breki, tukateleza kiubavu, tukakita kwenye mtaro, mbele ya geti, mbele ya wauguzi wote.

Hakuna aliyeumia. Naliandika hili mara ya pili: hakuna aliyeumia.

Mke wangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha akauliza, bila kunitazama:

“Ile nati uliikaza?”

Sikuikaza. Niliilegeza Jumatano, jana nikaenda kujipigia makofi barabara kuu. Akashuka, akakanyaga tope mpaka kwenye kifundo, akaingia kazini. Sare ile.

Nilibaki kuziangalia tairi. Meno ya upande wa ndani yameisha, laini kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Siku tatu tu! Niliketi ukingoni mwa mtaro na nikafikiri kwamba mtu wa kunitegemea mimi ana bahati mbaya sana, na kwamba mtu huyo nimemwoa.

Ndiye aliyempigia simu kaka yake. Shemeji alikuja na gari la kuvuta. Hakucheka. Nilimngojea acheke, nilikuwa hata na jibu. Hakucheka. Mwili mzima uliniuma.

Kule gereji aliipandisha pikapu kwenye mashine, akafunga vipimo kwenye magurudumu, na skrini ikajaa namba nyekundu. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa. Tairi kutazamana vibaya ni tatizo dogo, hata nyumbani mtu makini angelipunguza. Kubwa ni kwamba nilipoinua springi, ekseli ya mbele ilipinduka kidogo, ndiyo maana usukani haurudi wenyewe na gari linatangatanga. Hilo uzi hauwezi kulionyesha, wa sufu wala wa aina yoyote. Akaweka vipande vya chuma chini ya springi, akanyoosha usukani, akapima tena, akarekebisha tena. Namba zikageuka kijani moja baada ya nyingine.

Nati ya mwisho alinipa spana nikaze mimi. Alisimama akitazama mpaka nilipomaliza.

“Shemeji,” akasema, “dada yangu huwa anapanda hii.”

Basi. Akaenda kunawa mikono.

Jumamosi, 8 Machi

Mganga mkuu alikuja mapema. Ni mtu mnene, mpole, anayeshikilia kofia hata pasipo upepo. Mke wangu alikaa kiti cha nyuma na maboksi ya chanjo. Tulipanda mlima wote, mawe, makorongo, kona zinazotazama shimo. Pikapu ilitii kila nilichoiomba. Kwenye sehemu iliyonyooka niliachia usukani kidogo na haikutikisika. Mganga mkuu akafumba macho, akasinzia! Kule juu akanipa mkono. Naanza Jumatatu.

Tukiwa tunashuka akaniuliza nani kaipanga vizuri hivi.

Nilikuwa na jina la Shemeji mdomoni. Naapa lilikuwa mdomoni. Nikasikia sauti yangu ikisema ni mimi mwenyewe, uani, ni suala la kuwa na jicho tu.

Kwenye kioo nilimwona mke wangu anahesabu maboksi matupu ya chanjo, upya, toka mwanzo.

Mganga mkuu akasema ajabu, maana gari lake linavuta kulia mwezi wa pili sasa.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu na mama yake wameenda kushinda kwa Shemeji. Hawakusema watarudi saa ngapi. Afadhali, kazi inahitaji utulivu.

Gari la mganga mkuu lipo hapa uani. Dogo, la chini, jipya, halijaguswa na mkono wa fundi yeyote. Uvunguni siingii mzima, lakini mkono unafika, na nimeshalegeza kila kilichokubali kulegea. Nimemtumia ujumbe asiwe na wasiwasi: kesho atakwenda kazini akiendesha kwa kidole kimoja.