Debe la Sukari Lililotoa Povu

Wenzangu wa Muheza, leo nimejivua nguo mwenyewe, tena kwa kipaza sauti! Nawaandikia upesi kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa Mama Hoza. Akiileta yeye itakuwa imeota mikono na miguu.

Mnanijua. Mimi ndiye Bi Agnesi, mfua vitambaa vya altare katika kanisa la Misheni hapa Mabawa, mwaka wa ishirini huu. Ufunguo wa kabati la nguo za kanisa naufunga kwenye pindo la kanga. Nikipita nao, watu wanauona. (Naringa, ndiyo. Nisiporingia huo niringie nini?)

Basi, wamekuja walokole kutoka bara kufanya mkutano wa uamsho uwanjani kwetu. Padri hakutaka. Alimwambia mwinjilisti wao mbele yetu, "Misheni imejenga shule na zahanati bila kumpigia mtu kelele." Mwinjilisti, kijana mwembamba ndani ya suti nzito, na jua lote hili, akajibu, "Shule mmejenga, baba. Na mioyo je?" Padri akajikuna shingo, akawaruhusu. (Huko kujikuna kushikeni, nitakurudia.)

Leo mchana nikaenda. Kutazama tu! Mwinjilisti akanipokea. Shikamoo hakunipa, kanipa "Bwana asifiwe!" Nikamwitikia "Marahaba" hivyo hivyo.

Kwao wale, dhambi haisemwi chemba kwa padri. Unaisema hadharani, halafu ulichochukua unakirudisha. Akaanza Mama Hoza. Kumbe jogoo wa Padri aliyepotea wakati wa Pasaka kaliwa na yeye! Akalia, akapiga magoti, watu wakamkumbatia, wakaimba. Nikaona wivu. Kuku mmoja tu, furaha yote ile!

Mara mwinjilisti akafumba macho. "Yuko mama hapa! Ana kitu chini ya kitanda!"

Mwe! Nusu ya mkutano wakainamisha vichwa. Siku hizi nani hana kitu chini ya kitanda? Dukani rafu tupu, sukari foleni tangu alfajiri, sabuni unaisikia redioni. Lakini mimi nilijua kaniona mimi. Chini ya kitanda changu kulikuwa na debe la sabuni. Sabuni ya kanisa.

Niseme kweli. Padri akihangaika akapata mche wa sabuni wa kufulia vitambaa vya altare, ananikabidhi mimi. Nami nina mjukuu, Neema, darasa la sita, wa kwanza darasani. (Mara moja alikuwa wa pili, alikuwa na homa.) Shati la mtoto wa kwanza liwe rangi ya udongo? Nikawa naiweka sabuni kwa ajili ya shati. Vitambaa vya altare na kanzu ya Padri nikavifulia majani ya mpapai. Vikatakata! Watu walisifu.

Nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe, sikuituma. Nikatiwa kipaza sauti mkononi. Mbele yangu kakaa Padri, na kanzu niliyoifua jana. Nikaushika ufunguo. Nikitamka sabuni, huu umekwenda.

"Tubu, mama! Una nini chini ya kitanda?"

"Sa..." nikaanza. Ulimi ukagoma. "Sa... sukari!"

"Kiasi gani, mama?"

Hapa wenzangu ni kiburi, sina la kujitetea. Mama Hoza katubu jogoo mzima, mimi nitubu kikombe? Nikasema, "Debe. Limejaa."

Vigelegele! Mwinjilisti akaruka. "Kutubu ni kurudisha! Twende tukaitoe!" Nikasema kesho. Nani anisikie? Wameshaanza kuimba, wameshanishika mikono, twende, na Padri nyuma.

Kufika kwangu, nakuta foleni mlangoni. Bakuli, vikombe, masufuria! Nilisahau kwamba kile kipaza sauti kimeelekezwa mtaani. Mbele kabisa yuko jirani yangu Bi Mwanahamisi, ambaye kanisani hajapata kukanyaga.

"Shoga, nimekusikia mpaka jikoni," akasema. "Leo dini yenu imenipendeza. Nipimie."

Nyuma yake Mzee Semhina, balozi wetu wa nyumba kumi, na daftari. "Bi Agnesi! Una debe la sukari, na mimi balozi wako nakunywa chai kwa kutafuna tende? Huu ni ulanguzi. Fungua!"

Akaingia uvunguni mwenyewe, yakabaki matako nje. "Lipo! Zito!" Akalivuta mpaka uani, akafunua kifuniko. Juu kulikuwa na makombo meupe, maana sabuni yangu naikata vipande vidogo vidogo. Balozi akachovya kidole, kwa niaba ya serikali, akalamba.

Povu, wenzangu. Povu!

"Sukari ya Misheni hiyo, Balozi," akasema Bi Mwanahamisi. "Inaosha mpaka tumbo."

Padri akaingiza mkono ndani ya debe, akatoa mche mzima. Una msalaba aliouchora mwenyewe kwa msumari. Akautazama. Akanitazama. Akajigusa shingo.

"Bi Agnesi, kanzu yangu unaifulia nini?"

"Majani ya mpapai, baba."

"Ndiyo maana nawashwa tangu Kwaresima!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Hilo ningelivumilia. Lakini Neema naye akatokea, anatoka shule, shati linang'aa kama karatasi mpya. "Shikamoo bibi. Kuna nini?" Wote walikuwa wanatazama shati. Hapo ndipo nilipoumbuka hasa.

"Haleluya!" akapiga kelele mwinjilisti. "Uamsho umefika Mabawa!"

"Umefika," akasema Padri, "basi na ukate sabuni. Watu wamekuja na bakuli, hawarudi mikono mitupu."

Mwinjilisti akachomoa uzi kwenye suti yake, akawa anakata, Padri anagawa. Kila bakuli kipande, wa kanisani na wa msikitini. Ndiyo mara ya kwanza kuwaona wale wawili wakipatana, na kisa ni mimi. Balozi hakuandika kitu. Alikuwa bado anatema.

Nikaufungua ufunguo kwenye pindo, nikampa Padri. Akaugeuzageuza.

"Kufua utaendelea," akasema. "Ufunguo na sabuni vitakaa kwa Mama Hoza. Kila Ijumaa utakwenda akukatie."

"Mama Hoza? Si ndiye aliyekula jogoo wako!"

"Alikula kuku," akasema Padri, "akasema kuku."

Ijumaa ni kesho. Pindo la kanga jepesi, kila saa nalipapasa. Nanyi mkitaka kunicheka, chekeni kimya kimya. Huku wameshanicheka kwa kipaza sauti.