Binamu wa Ikulu na Konde la Peter

Kengele ya sala ya jioni ya Malaika wa Bwana ililia kwenye televisheni, nasi pale baa kwa Attracta tukainamisha vichwa, wengine kwa imani, wengine kwa kumwogopa Attracta. Askofu alijipiga ishara ya msalaba pana kweli kweli, kiwiko kikaigonga bia nyeusi ya Yanki nusura imwagike. Kengele ikanyamaza, mtangazaji akatoa habari ya kwanza: Rais Durkan wa Marekani anatua Ireland wiki ijayo, na siku ya pili atafika Tullanore, hapa hapa kwetu Mayo, kijiji alichozaliwa babu wa babu yake.

"Binamu!" Askofu akanyanyuka, kofia hewani. "Semeni sasa! Si mlidai nawapiga fiksi?"

Askofu hana hata ukatekista. Jina lake ni Malachy Durkan, anafuga ng'ombe, na jina hilo tulimpa kwa sababu hajui kuzungumza bila kuhubiri. Siku hiyo alikuwa ndani ya suti yake ya mazishi. Yule dada wa ubalozi wa Marekani, anayezunguka kijijini na magari meusi tangu juzi, alikuwa ameahidi kupita baa baada ya taarifa ya habari kuja kumwona jamaa wa Rais. Ng'ambo ya barabara, ukichungulia dirishani, ukuta wa nyumba ya Askofu ulikuwa na rangi mpya na maandishi ya kusomwa hata na rubani: NYUMBANI KWA RAIS DURKAN. Upande wa mbele tu ndio uliopakwa. Nyuma, kunakotazamana na ng'ombe, ukuta ulibaki na kuvu wake.

"Binamu wa ngapi?" akauliza Yanki.

"Damu haina namba, bwana mdogo."

"Ya kwako haina namba kwa sababu ukianza kuhesabu unalala. Kwa hesabu hiyo hata mimi binamu yangu ni Papa."

Yanki ni Fintan. Alipiga lipu Boston miaka mingi bila karatasi, mpaka serikali ya huyu huyu Durkan ikamgongea mlango alfajiri ikampandisha ndege. Alirudi na kofia ya besiboli na lafudhi ya puani. Binti yake alibaki kule na mama yake.

"Tena nikwambie," Yanki akaendelea, "huyo binamu yako ndiye aliyenirudisha."

"Kakurudisha kwenu. Mshukuru."

"Na babu yake alifika kule na viza gani?"

"Usichanganye mambo! Peter Durkan aliondoka mwaka wa njaa kuu. Viazi vimeoza ardhini, watu wanatafuna majani. Alikuwa anakimbia kifo!"

"Na mimi nilikuwa nakimbia nini, mvua?"

Attracta alikuwa anafuta glasi, na Attracta akifuta glasi moja kwa muda mrefu ujue kuna mtu atasemwa. "Askofu, hebu nikumbushe. Wiki iliyopita, kwenye geti la ile hoteli iliyofungwa wanakotaka kuwaweka wakimbizi, nani alishika bango la 'Kijiji Kimejaa'?"

"Hilo jambo jingine, Attracta."

"Kijiji kimejaa, na nyumba tatu za barabara hii madirisha yamezibwa kwa mbao."

"Wale ni wageni! Hatujui wametoka wapi!"

"Wametoka kwenye njaa na bunduki. Kosa lao wamekuja mapema. Wangengoja mpaka vitukuu vyao vishike urais, ungewapakia ukuta rangi."

Nilicheka mpaka povu la bia likanipanda puani. Mwisho wa kaunta nako mabega ya mtu yakatikisika, mtu aliyetugeuzia mgongo. Huyo ni Colman Durkan, mdogo wake Askofu, tumbo moja ziwa moja. Kwa miaka kumi na tisa ndugu hawa hawajasemezana, chanzo ni kugombea konde moja la shamba. Kwa kuwa kijiji kina baa moja, na hakuna aliye tayari kuacha pombe kwa ajili ya ugomvi, wote huja kila jioni, Colman anakaa amegeukia ukuta. Ndiyo maana tunamwita Kisogo. Akiwa na neno kwa kaka yake, hulipitisha kwa Attracta.

"Attracta," Kisogo akauambia ukuta, "hebu mwulize huyo binamu wa Ikulu kama kwenye picha atakayopiga na Rais na mimi nimo, au nimeshafutwa kwenye ukoo."

"Askofu, Colman anauliza kama..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie picha ni ya watu wenye nyuso."

"Colman, kaka yako anasema..."

"Mwambie uso ninao. Ninauhifadhi usizeeke kwa kumtazama yeye."

"Nyamazeni!" Yanki akapaza sauti. "Rais huyo!"

Rais Durkan alikuwa kwenye televisheni na tai ya kijani, macho yamemlowa. Mtafsiri wa mioyo hakuhitajika. Alisema amekua akisimuliwa na bibi yake, kila Krismasi, habari za konde moja lililoko mbali, konde la Peter. Alisema ameambiwa konde hilo linaitwa hivyo mpaka leo. Kisha akavuta pumzi, akatazama kamera, akasema ndoto yake baada ya urais ni kurudi nyumbani na kujenga kijumba chake cha uzeeni kwenye ardhi ya Peter, ardhi ya ukoo wake.

Mtangazaji akajifuta jicho. Attracta akapunguza sauti.

"Amesema konde gani?" Askofu akauliza polepole. Kofia ilikuwa bado mkononi.

"La Peter," nikamjibu.

"Peter yupi?"

"Askofu, kuna mangapi?"

Kwetu makonde yana majina kama watoto, na hilo ndilo konde kavu peke yake katika shamba lote la akina Durkan. Mengine ni kinamasi kitupu, ng'ombe akiingia anatoka na soksi za tope. Tena kila mtu Tullanore anajua kasoro yake. Zamani, mabwana wakubwa waliponyang'anywa ardhi tukapewa wenyewe, karani aliandika jina alilolikuta, Peter Durkan, wakati Peter mwenyewe yuko kaburini Pennsylvania. Hakuna Durkan aliyewahi kwenda kwa mwanasheria kulibadilisha. Kila kizazi kiliogopa kwamba mwanasheria akiuliza "la nani hili?" kuna ndugu atajibu.

"Hongera, mzee," Yanki akasema huku akiinua glasi. "Binamu anarudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Si umeandika mwenyewe ukutani! Herufi kubwa hizo!"

"Niliandika kwa ajili ya picha!"

"Damu haina namba, Askofu," nikamkumbusha, maana mimi nikiona kidonda siwezi kukaa bila kukitia chumvi.

"Ina namba! Kitukuu na nusu! Mtu wa namna hiyo hata harusini humwaliki!" Askofu alianza kutembea huku na huku mbele ya moto, suti ya mazishi inambana kwapani. "Halafu sikilizeni. Peter alifanyiwa matanga."

"Kila mtu hufanyiwa matanga," Attracta akasema.

"Alifanyiwa hapa, kabla hajaondoka!"

Hilo lilikuwa kweli. Enzi hizo mtu akienda Marekani, usiku wa mwisho alikeshewa kama maiti. Pombe inamiminwa, fidla inalia, akina mama wanaomboleza, na marehemu mwenyewe yuko katikati anakula viazi. Asubuhi anasindikizwa mpaka darajani, basi, hesabu yake imefungwa, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kumwona tena.

"Aliyefanyiwa matanga amekufa," Askofu akahubiri, kidole juu. "Maiti hamiliki konde. Na kitukuu cha maiti hakimiliki hata hewa ya juu yake!"

"Kwa hiyo binamu yako ni mzimu?"

"Mzimu unatambikiwa, Attracta. Haujengewi!"

"Lakini mgeni siku mbili," akasema Yanki, "ya tatu mpe jembe."

"Jembe?" Askofu alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya chooni. "Umpe jembe alime? Akilima tuta moja tu kesho ana mwanasheria! Huyo ni chai, mkate wa magadi, picha mbili, kwaheri. Ya tatu asiione!"

Tulicheka sana. Nilitaka kumchokoza tena, ila akaivaa kofia yake, akaivuta mpaka machoni.

"Chekeni," akasema, sauti imeshuka. "Kwa ajili ya konde lile nimenuniana na ndugu yangu wa damu. Krismasi kumi na tisa kila mmoja na bata mzinga wake, meza ya mtu mmoja. Mama tumemzika mimi kulia, yeye kushoto, hata pole hatukupeana. Ndugu yangu nimemnyima. Leo nikampe mtu wa kwenye televisheni?"

Kwenye moto kipande cha udongo mkavu wa kinamasini, ndio kuni zetu huku, kilivunjika, kikaanguka majivuni. Kisha stuli ya mwisho wa kaunta ikalia kriii, Kisogo akageuka. Wengi wetu tulikuwa tumeshasahau kwamba ana masharubu.

"Kaka," akasema.

Attracta akadakia kwa mazoea. "Askofu, Colman anasema..."

"Nimemsikia," Askofu akanong'ona.

"Kaka, huyo mtu ana askari wangapi?"

"Wengi, mdogo wangu."

"Na helikopta?"

"Anazo."

"Sisi tuna fahali."

"Yule mwekundu?"

"Yule mwekundu. Mwezi wa tano amemrusha daktari wa mifugo juu ya ukuta, na yule alikuwa na kibali."

Askofu akakohoa, akatazama dari, akakohoa tena. "Attracta," akasema, "mpe mdogo wangu bia. Nalipa mimi."

Glasi ikamponyoka Attracta, ikapasuka. Sisi hapa tunanunuliana kwa zamu, na tangu nimfahamu Askofu, zamu yake ikikaribia kibofu humjaa. Ndugu wawili wakagonganisha glasi. Walilia kidogo, sote tukajifanya tunatazama utabiri wa hali ya hewa.

"Kila rais wa Marekani akija Ireland hutamba kwamba ameleta amani," Attracta akasema huku anafagia vioo. "Huyu ndiye wa kwanza ninayemwona akiileta kabla hajapanda ndege."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia dada mwenye koti la buluu na tabasamu la kutosha watu sita, nyuma yake kijana mwenye kamera.

"Habari za jioni! Namtafuta Bwana Malachy Durkan, jamaa wa Rais."

Ndugu wawili wakatazamana. Miaka kumi na tisa bila neno, na jicho moja tu lilitosha kuelewana.

"Durkan?" Askofu akafungua tai taratibu, akaitia mfukoni. "Umechelewa, binti yangu. Akina Durkan walikwenda Marekani."

"Wote?"

"Wote," akasema Kisogo. "Tuliwafanyia matanga hapa hapa."

Dada akachungulia dirishani. "Na yale maandishi ukutani?"

"Aah, yale." Askofu akavua kofia, akaishika kifuani. "Ya mzee mmoja aliyekuwa anaishi pale. Alikuwa mwongo sana, Mungu amrehemu."

"Amina," tukaitikia sote.

Tabasamu la dada likabakiza watu wawili. Alikuwa anageuka kuondoka Yanki alipoinua mkono kama yuko darasani, kofia ya besiboli ameivua.

"Samahani, dada. Mimi si Durkan. Lakini nina binti Boston, alikuwa wa miaka sita nilipoondolewa. Sasa, kwa kuwa Rais wenu anatafuta ndugu zake huku, na mimi nina wangu kule, haiwezekani tukabadilishana?"

Dada akacheka, akidhani ni soga kama soga nyingine. Akampa kadi yenye simu ya ubalozi, akamshika bega, akatoka. Yanki hakuitazama ile kadi. Namba hiyo anaijua kwa moyo, huipiga kila Jumatatu.

Attracta akamjazia glasi bila kuombwa. Tuliwatazama ndugu wawili wakivuka barabara haraka haraka na ngazi na ndoo ya chokaa, kabla magari meusi hayajazunguka kurudi. Askofu akapanda na brashi, Kisogo akashika ngazi chini. Herufi zikaanza kufutika, NYUMBANI ikatoweka, ikafuata KWA. Ilipofika zamu ya RAIS ngazi ikayumba, chokaa ikammwagikia Kisogo masharubuni, na kupitia dirisha lililofungwa tukaisikia sauti ya Askofu kutoka juu, kali kama ya Jumapili:

"Attracta! Mwambie huyo ashike ngazi!"