Colorina Langu la Kilomita Kumi na Moja

Jumatatu, 15 Mei

Sasa ni hakika! Kiwanda kinaacha kutengeneza magari ya Colorina. Ushahidi ninao. Kompadre wangu Abundio, anayepachika milango ya Colorina huko kiwandani, kahamishiwa zamu ya mchana. Nikamchimba kwa ujanja. Akasema goti linamsumbua, daktari kamwandikia barua. Goti! Nani wa kumdanganya?

Langu liko uani. La kijani, taa za mviringo, sura ya gari la babu na redio ya mjukuu. Miaka mitatu, kilomita kumi na moja: kutoka dukani hadi hapa. Limefunikwa mablanketi mawili. Siku ya tangazo wapenda magari wa Mexico nzima watapanga foleni mlangoni kwangu. Jirani Fulgencio lake la njano huliendesha kwenda kununua mikate ya tortilla. Mjinga yule.

Jumanne, 16 Mei

Mke wangu Remedios kauliza lini nitampeleka sokoni kwa gari. Nikamweleza kwamba kila kilomita inalipunguzia thamani. Akasema ana miaka ishirini na sita ya ndoa na hajawahi kufunikwa mablanketi mawili. Sikumwelewa.

Jioni kaja Abundio na binti yake Yareli, ambaye nilimsimamia ubatizo, ndiyo maana mimi na baba yake tunaitana kompadre. Wananikumbusha Jumamosi! Sherehe yake ya miaka kumi na mitano. Kweli, nilipokuwa nimeshiba mchuzi wa mole kwao nilinyanyua mkono nikawa padrino, yaani msimamizi, wa gari. Padrino wa keki huleta keki, padrino wa viatu huleta viatu. Mimi nimpeleke kanisani. Kilomita nne! Na nne za kurudi!

Fulgencio, anayesikiliza kila kitu ukutani, akapaza sauti kwamba lake lipo. Nikamjibu labda nife kwanza.

Alhamisi, 18 Mei

Akili hii sikuazima kwa mtu! Don Chema ana lori la nyanya. Colorina juu ya lori, Yareli ndani ya Colorina. Binti anafika kwa gari, gari halijatembea. Nimempigia Yareli simu. Akauliza, kwa adabu, kama hataonekana kama mzigo. Nikamwambia ataonekana kama Bikira siku ya maandamano. Akakata simu. Furaha, bila shaka.

Ijumaa, 19 Mei

Mlima wetu Popo kaamka na kikohozi. Majivu ya volkano mji mzima, na mimi nilikuwa nimeshalivua mablanketi! Kila mtoto wa hapa Puebla anajua majivu hayafutwi kwa kitambaa kikavu, yanakwangua kama msasa. Hata mimi najua. Lakini Fulgencio alikuwa dirishani, anatabasamu. Nikafuta. Kwa blanketi. Kwa nguvu.

Mlango wa kushoto sasa unafanana na sufuria iliyosuguliwa mchanga. Si neno. Linaonekana la zamani zaidi.

Jumamosi, 20 Mei

Betri imekufa. Tumelisukuma juu ya lori wanaume sita. Yareli kapandishwa kwa ngazi, gauni la waridi limejaza gari hadi paa, mimi nimebanwa kwenye usukani. Mtaa mzima unashangilia. Nilijiona mfalme.

Hatua hamsini kabla ya kanisa, tao la maua la sikukuu ya mtaa. Don Chema akafunga breki. Lori na gari juu yake, havipiti. Kurudi nyuma, haiwezekani, nyuma kuna bendi. Kengele ya pili ikalia.

Akatokea Fulgencio na bati lake la njano, lina harufu ya vitunguu. Yareli kaniangalia. Akasema: "Padrino, nisamehe." Akashuka ngazi, akapanda kwa Fulgencio. Watu wakapiga makofi. Abundio alibaki kando ya lori kidogo. "Nicanor," akasema, "mtoto alitaka dakika kumi tu."

Hilo limeniuma. Linaniuma mpaka sasa.

Misa nzima nilikaa juu kule. Remedios kanipitishia sahani ya mole kwa mpini wa ufagio.

Jumatatu, 22 Mei

Kiwanda kimetangaza. Colorina litaendelea kutengenezwa kwa miaka mingi, na litapata rangi tatu mpya. Goti la Abundio lilikuwa goti.

Nikaenda kwao kuomba radhi. Nilikusudia kabisa. Yareli kanisamehe. Kaomba kitu kimoja: Jumapili nimzungushe kidogo kwa gari, mimi na yeye tu. Nikaapa kwa marehemu mama yangu.

Njiani nikafikiri. Kiwanda kisicho na la kuficha kingetangaza kwa kelele vile? Rangi tatu mpya, ili wamalize vyuma vya ghalani! Linakufa, nasema. Na lenye mikwaruzo ya majivu ya mwaka huu ni moja tu duniani.

Nimempigia Yareli. Aje Jumapili saa nne na gauni lake. Atakaa mbele, betri mpya itawaka, redio itaimba, na mimi nitageuza usukani kulia na kushoto, gari limesimama hapa hapa uani, kwa dakika kumi kamili.

Nimenunua blanketi la tatu.