Sinia Moja na Jabiri

Jumatatu, 3 Februari

Habari mbaya kabla hata ya chai. Jabiri, fundi sofa, jirani yangu kwenye banda hili la uani hapa Mtoni, anaposa Ijumaa. Anamposa Najat. Najat wangu! Sawa, mwenyewe hajui kuwa ni wangu, kwa sababu tangu mwaka juzi natafuta maneno ya kumwambia. Nampenda mpaka vitumbua vyake vilivyoungua nasema vitamu. Lazima Jabiri azuiwe Ijumaa. Kwa njia yoyote, isipokuwa kupigana. Ana mikono ya kubeba sofa.

Jumanne, 4 Februari

Neema! Gari la matangazo limepita: kipindupindu kimeingia kata ya jirani. Na Jabiri kaenda chooni mara tatu asubuhi! (Najua ni maharage ya jana, lakini mimi si daktari.) Mbio hadi kwa Bi Eufrazia, afisa afya wa kata. Nikampa shikamoo mbili. Nikauliza kama sheria inamruhusu kumfungia mtu ndani. Akasema inamruhusu, na anayekaidi anapelekwa mahakamani. Sheria tamu hii! Akauliza nina uhakika gani. Nikaona ananidharau. Nikamwambia ninao wote, jana tu nimekula naye sinia moja, tonge kwa tonge, na tumenawa beseni moja. Akaandika kila neno. Nilijiona raia mwema.

Jumatano, 5 Februari

Amri zimekuja mbili. Ya pili ina jina langu! Aliyekula na mshukiwa naye hatoki, siku tano. Banda moja, choo kimoja, mimi na Jabiri. Yeye ananionea huruma, anasema nimeponzwa na maharage yake, ananiomba radhi. Nimemsamehe. Kitu kimoja kinanifariji: Ijumaa hatoki mtu.

Ijumaa, 7 Februari

Mzee Kondo, mjumbe wetu anayetulinda, katokea na kanzu mpya na koti. Nikamuuliza safari ya wapi. Akasema anapeleka barua ya posa ya Jabiri, yeye ndiye mshenga. Nikapiga kelele kwamba mwenye kuposa yuko karantini! Akaniuliza tangu lini mwenye kuposa akajipeleka mwenyewe.

Nimekaa juu ya ndoo saa nzima. Posa nane nimehudhuria, vyakula vyote vinane nimekula, na sikulikumbuka hilo!

Kwao Najat wamekubali. Wanasema kijana anayefungiwa bila kulalamika atakuwa mume mtulivu. Jioni Najat kaacha uji getini, wa Jabiri, una iliki. Mimi kaniletea pakiti ya chumvi ya wanaoharisha. Nimelia. Nimesingizia moshi.

Jumatatu, 10 Februari

Tumeachiwa, hakuna kipindupindu. Bi Eufrazia kanishukuru kwa kutoa taarifa. Mbele ya Jabiri! Jabiri kanishika bega kwa ule mkono wa kubeba sofa, akasema harusi ni mfungo mosi, Ramadhani ikiisha tu, na kwa kuwa najali sana afya za watu, nitasimamia wapishi.

Nikamuuliza Bi Eufrazia, kama utani, iwapo sheria inaweza kuzuia na mikusanyiko. Akasema inaweza, ugonjwa ukithibitika. Moyo umeniruka! Namba yake ninayo.

Safari hii ushahidi utakuwa mzito. Pilau ya harusi ikiiva tu, sahani ya kwanza nakula mimi mwenyewe, halafu ndiyo napiga simu.