Siku Niliyoinua Mikono Mbele ya Okestra ya Baba

Nimeaibika leo, na mashahidi wangu wote wana fidla.

Nawasimulia mimi mwenyewe kabla Nasra hajawasimulia, maana yeye akisimulia jambo hulitia chumvi mpaka haliliki.

Kwa wale msiomjua baba yangu: ni mtunzi wa muziki, na ndiye anayesimama mbele ya okestra kuiongoza. Mtaita wa Voi, aliyekuja Jeddah kufundisha muziki kwenye shule ya binafsi. Kafili wake, yaani mdhamini wake, ni hiyo shule, na kwenye ikama, kile kibali cha kuishi hapa, ameandikwa mwalimu, basi. Opera anaiandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, kwenye meza ya chakula, kwa penseli, huku akiimba sehemu za wanawake kwa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Tukisubiri kuvuka barabara hapa Sharafiya, mikono yake inapiga mapigo hewani na teksi zinasimama zikidhani anaziita. (Yeye haoni kitu. Kuomba radhi ni kazi yangu.)

Opera yenyewe inahusu familia inayoshuka uwanja wa ndege na kuondoka na sanduku la watu wengine. Ndiyo. Saa nzima na zaidi, sanduku. Itaonyeshwa Riyadh wiki ijayo. Ina kwaya ya abiria, na mimi ni abiria mmojawapo, mstari wa nyuma kabisa, nyuma ya kijana mrefu kama mlingoti. Napapenda sana pale.

Sasa, kuna mstari mmoja wa kuimba peke yako. Binti wa ile familia anapanda ngazi, anageuka, anaimba: "Mama, sanduku hilo si letu!" Wakati huohuo tarumbeta zote zinalia, na Baba hataki kusikia habari ya maikrofoni. Anasema opera yenye maikrofoni ni tangazo la duka la simu. Kwa hiyo alikuwa anatafuta msichana mwenye sauti ya kupenya, na akatujaribu wasichana wote, mmoja mmoja.

Mimi nilinong'ona.

Kwa makusudi. Nikasingizia koo. Nikasingizia vumbi. Mama akawa ananichemshia tangawizi kila asubuhi, nami nainywa huku natazama ukutani. Baba akawa anawaambia watu kwa huruma, "Huyu wangu hakujaliwa sauti," na mimi naitikia kwa kichwa. Ningefanyaje? Mimi ni mtu ambaye akiitwa jina darasani anasahau kama ni lake.

Nasra yeye anautaka mstari huo kufa na kupona. Ni rafiki yangu, wazazi wake ni Wazanzibari, ana sauti tamu kweli. Tatizo lake ni moja: ikifika safu ya tatu inachoka. Leo yalikuwa mazoezi ya mwisho hapa Jeddah, na Baba aliahidi kumtaja mwimbaji kabla hatujaondoka ukumbini. Nilichohitaji ni kunyamaza alasiri moja tu. Alasiri moja!

Basi. Tumeimba nusu ya kwanza, tumepumzika, tumekunywa chai. Kiyoyozi cha ule ukumbi kinagandisha mpaka meno. Baba akaniona natetemeka, akavua koti lake jeusi la kuongozea okestra, akanivisha. Kisha simu yake ikaita. Ni watu wa Riyadh, wanasema ngazi waliyotengeneza ni fupi kuliko aliyoagiza. Akatoka nayo nje kwenye korido, akitembea kwa hasira.

Wanamuziki wakarudi mahali pao, chini mbele ya jukwaa. Wakalinganisha vyombo vyao, wakanyamaza. Ukumbi giza, isipokuwa vitaa vidogo vya kumulika nota. Mimi napita zangu kurudi mstari wa nyuma. Nikasikia sauti kutoka juu kwenye taa.

"Sista! Wewe mwenye koti!"

Ni Odhis, fundi wa taa, mtu wa Kisumu.

"Mimi?"

"Eeh, wewe. Hebu panda hapo kwenye kijukwaa cha Mwalimu kidogo nipime taa."

"Kwa nini mimi?"

"Si mko urefu mmoja? Panda tu. Husemi kitu, hufanyi kitu."

Husemi kitu, hufanyi kitu. Nikaona hii ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nikapanda.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Baba akianzisha muziki hahesabu moja, mbili, tatu. Hasemi lolote. Anavuta pumzi kwa nguvu, anainua mikono, na mikono ikishuka wanaanza. Wapigaji wenyewe hawamtazami usoni. Macho yao yako kwenye nota, na pembeni ya jicho wanaiona mikono. Mikono tu. Ya nani, hilo halijawahi kuwa swali.

Odhis akawasha taa. Ilinipiga machoni kama kofi. Nikashtuka, nikavuta pumzi kwa nguvu, nikainua mikono yote miwili kujikinga. Halafu nikaishusha.

Okestra ikaanza.

Jamani. Watu arobaini na kitu, kwa pamoja, bila kukosea. Ulikuwa muziki wa sanduku, toka mwanzo wa ile nusu ya pili. Nikawatikisia viganja: hapana, hapana, acheni! Wakapiga kwa nguvu zaidi. Nikavishusha viganja taratibu, kama mtu anayembembeleza mbwa. Wakashusha sauti, vizuri mno, lakini wakaendelea. Nikamwonyesha kidole mpiga tarumbeta mmoja nimwombe msamaha, maana alikuwa amenitazama. Akaingia na tarumbeta. Wenzake wakamfuata.

"Wee sista!" Odhis anapaza sauti kutoka juu. "Kwani unafanya nini?"

Ningejua, ningemwambia.

Nikaamua kusimama kama nguzo. Nikabana mikono mbavuni. Wakaendelea wenyewe, maana kumbe okestra ikishashika mwendo ni kama lori linaloshuka mlima. Nikaamua kukimbia. Nikageuka nishuke, mfuko wa koti la Baba ukanasa kwenye chuma cha kile kijukwaa. Navuta, haunasuki. Navuta tena, na bega langu linapanda na kushuka. Ngoma zikaingia. (Walidhani bega ni ishara yao.)

Kwaya nzima ilikuwa imesogea mbele kutazama. Nikamwona Nasra amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Tarumbeta zilikuwa zimefika pale pa juu kabisa, pale ambapo Baba husema hata ndege ikipita haisikiki.

Hapo ndipo nilipopiga kelele.

"BABAAA! NJOO UNITOE HAPA!"

Sikuipanga. Ilitoka tumboni, ikapita juu ya tarumbeta, ikapita juu ya ngoma, ikafika ukuta wa nyuma, ikarudi. Niliisikia ikirudi. Okestra ikakatika kama umeme. Mpiga fidla mmoja akaangusha upinde wake.

Mlango wa korido ukafunguka. Baba akaingia, simu bado sikioni, na mtu wa Riyadh anasikika akiuliza kuna nini huko. Nikangoja anigombeze. Nimepanda mahali pake, nimeiongoza okestra yake, nimechana mfuko wa koti lake.

Hakutaja hata kimoja.

"Nani amepiga hiyo kelele?"

Kwaya yote ikaninyooshea vidole. Nasra wa kwanza.

"Mghoi?" Akaishusha simu. "Wewe?"

Nikanong'ona, "Ndiyo, Baba."

"Usininong'oneze! Nilikuwa mwisho wa korido na milango miwili imefungwa. Hiyo sauti ilikuwa wapi siku zote?"

Vumbi lilikuwa limeisha.

Madam Nadia, Mmisri anayepiga fidla ya kwanza, akaona anisaidie. Akamwambia Baba kwa upole kwamba kosa si langu. "Alivuta pumzi, akainua mikono. Sisi tufanye nini?" Kisha akanigeukia. "Lakini binti yangu, ulikuwa unayakimbiza mapigo kidogo."

Wote wakacheka. Mpiga tarumbeta akanipigia makofi.

Baba hakucheka. Alikuwa ameshachukua penseli kutoka nyuma ya sikio, na mimi namjua akiwa na penseli. Akasema nipande ngazi ya jukwaani niseme tena, safari hii kwa maneno ya sanduku. Nikajaribu kurudisha ile sauti ya mgonjwa. Ikakataa. Koo likishafunguka mbele ya watu, huwezi kulifunga kwa aibu. Nikaimba mstari wote na tarumbeta zote, nikitazama viatu vyangu, na bado Odhis akapiga kelele kutoka kwenye taa, "Nimekupata, sista!"

"Halas," akasema Baba. "Mstari ni wako."

"Baba, siwezi. Nitakufa."

"Utakufa tukishatoka Riyadh."

Nasra alinisubiri mlangoni. Nilijua nitasemwa, na nilistahili.

"Mnafiki mkubwa wewe! Mie nafanya mazoezi chooni mpaka jirani anagonga ukuta, na wewe umekaa na honi ya meli kooni?"

"Samahani, Nasra."

"Wallahi ningekununia mwezi mzima." Macho yakamlowa, halafu akanishika mkono. "Lakini huo mstari sikuuweza. Nilijua. Nilikuwa naomba tu tarumbeta ziugue."

Sasa niko chumbani, nashona mfuko wa koti. Baba yuko mezani anafuta nota. Anasema kwa sauti niliyonayo anaweza kuongeza tarumbeta nyingine.

Mlioko Riyadh, nawaomba msije. Mkija, msicheke. Na msikae nyuma mkidhani mtakuwa salama.